Naomba ushauri: matairi ya baridi kwa gari la spoti linalosukumwa na magurudumu ya nyuma

MkiaMwepesi (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha mfukoni. Ninaendesha gari la spoti la milango miwili, injini ikiwa mbele, nguvu zote zikienda magurudumu ya nyuma, na gia ni za kukanyagia klachi. Limevaa matairi ya kiangazi ya 225/40 R18 mbele na 255/35 R18 nyuma (yaani upana kwa milimita, kimo cha ubavu kama asilimia ya upana, kisha rimu kwa inchi). Miaka yote nimekuwa nikiliegesha baridi inapoanza, lakini safari hii ratiba ya kazi imebadilika na nitalazimika kulitumia kila siku, alfajiri na usiku.

Kilichonishtua ni tukio la wiki iliyopita. Theluji haikuwepo hata chembe. Ilikuwa lami yenye utando mwembamba wa umande ulioganda, na kipimajoto cha dashibodi kilisoma nyuzi 2. Nilisimama kwenye taa, mahali penye mwinuko ambao mtembea kwa miguu asingeuona kuwa ni mlima. Taa ilipogeuka kijani niliachia klachi taratibu kama siku zote, mshale wa mizunguko ya injini ukaruka, gari halikwenda mbele hata hatua moja, na mkia ukaanza kuhamia kulia polepole, kwa utulivu wa kutisha, mpaka gurudumu la nyuma likagonga ukingo wa barabara. Rimu imepata mkwaruzo wa urefu wa kidole. Namshukuru dereva aliyekuwa nyuma yangu, kwani hakupiga honi.

Fikra yangu ya kwanza ilikuwa kununua matairi mawili tu ya baridi na kuyafunga nyuma, kwa sababu huko ndiko nguvu inakotoka. Je, hilo linatosha? Na kama halitoshi, nichague aina gani, na nibaki na upana huu huu?

FundiRimu

Mkuu, hilo la matairi mawili liondoe kichwani kabla hatujafika mbali. Magurudumu ya nyuma yanasukuma, ni kweli, lakini ya mbele ndiyo yanayokata kona na ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki, kwa kuwa unapokanyaga breki uzito wa gari hulalia mbele. Ukifunga ya baridi nyuma peke yake, utaondoka vizuri kwenye taa, utapata kasi vizuri, halafu utafika kwenye kona na kugundua kwamba umejipatia uwezo wa kwenda bila uwezo wa kusimama. Yawe manne, ya aina moja, ya umri unaokaribiana.

Ulichokiona kwenye taa hakikusababishwa na umande ulioganda peke yake. Mpira wa tairi la kiangazi umechanganywa kwa ajili ya joto. Kuanzia kama nyuzi 7 kushuka chini huanza kukakamaa, na badala ya kushika vinyweleo vya lami hupita juu yake. Namba hiyo si mpaka uliochorwa kwa rula, ila ni kipimo kizuri cha kujiwekea. Jaribu kubonyeza kashata za tairi lako, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara, kwa ukucha asubuhi ya baridi, kisha fanya hivyo hivyo kwenye tairi la baridi la gari la jirani, kwa ruhusa yake. La kwako litakuwa kama soli ya kiatu kikuukuu, na la kwake litabonyea. Tena kwa matairi ya kiangazi yale makali kabisa, watengenezaji wenyewe huonya kwamba mpira unaweza kupasuka gari likisogezwa kwenye baridi kali.

KonaMoja

Naunga mkono hoja ya FundiRimu kwa aibu kidogo, maana mimi nilishawahi kufunga mawili nyuma. Siku ya tatu nilikuwa nikishuka kwenye kona ya kushoto, mwendo haukufika kilomita 40 kwa saa, theluji imeshindiliwa ikang'aa. Niligeuza usukani, gari likaendelea moja kwa moja. Nikaugeuza zaidi, likaendelea moja kwa moja. Nakumbuka kuona mikono yangu imepishana kabisa juu ya usukani huku nguzo ya plastiki ya pembeni mwa barabara ikinijia katikati ya boneti. Iliinama, ikapita chini ya gari, ikasimama tena nyuma yangu kana kwamba hakuna lililotokea. Bampa langu halikusimama tena. Wiki ile ile nilinunua mawili mengine.

UsikuMrefu

Suala la manne limekwisha, kwa hiyo twende kwenye aina, kwa sababu hapo ndipo watu hupoteza fedha. Chini ya jina moja la matairi ya baridi kuna familia tatu tofauti. Ya kwanza ni ya misumari, ambayo hushika barafu tupu kuliko yote, lakini yana kelele, yanachimba lami, na nchi nyingine zimeyapiga marufuku. Sweden na Finland huyaruhusu kwa msimu, ilhali Ujerumani haiyaruhusu. Ya pili ni ya mpira laini sana yasiyo na misumari, yaliyobuniwa kwa nchi za kaskazini kabisa, yenye mikato mingi myembamba kama nywele inayofunguka na kuuma barafu. Ya tatu ni yale yaliyokusudiwa magari yenye nguvu katika maeneo ambako barabara nyingi za baridi huwa ni lami yenye maji, chumvi na matope ya theluji.

Herufi ya mwendo iliyo ubavuni mwa tairi itakusaidia kuyatofautisha. Yale laini ya kaskazini mara nyingi huishia Q, yaani kilomita 160 kwa saa, au T, yaani 190. Ya familia ya tatu hufika H, ambayo ni 210, au V, ambayo ni 240. Sisemi kwamba utakimbia hivyo kwenye theluji. Nasema herufi hukuonyesha ugumu wa tairi na namna litakavyojibu usukani. Tairi laini kwenye gari la spoti hukufanya uhisi kama unaendesha juu ya magodoro: unageuza usukani, unasubiri, ndipo gari linageuka.

Zaidi ya hayo, tafuta ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo hutolewa kwa tairi lililofaulu jaribio la kushika theluji. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake ni kauli ya mtengenezaji tu, na hazidai jaribio lolote.

BarafuTupu

Natofautiana kidogo na UsikuMrefu, kwa sababu naona anaegemea familia ya tatu hata kabla ya kuuliza. Gari la kusukuma nyuma lenye injini mbele halina uzito mwingi juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo upungufu wake mkubwa zaidi uko kwenye kuondoka na kupanda, na hapo tairi laini ndilo linalookoa. Mimi nimevumilia magodoro hayo misimu kadhaa na sijajuta. Usukani mzito wa kujibu ni bei ndogo kuliko kusimama katikati ya mlima ukiwa umewasha taa za hatari.

UsikuMrefu

Pingamizi lako lina uzito, na nakubali kwamba nilitangulia. Hata hivyo, tairi laini huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama kwenye lami yenye maji kuliko lile la familia ya tatu, na watu wengi huendesha juu ya lami yenye maji siku nyingi kuliko juu ya barafu. Ndugu mwanzisha uzi atuambie barabara zake zikoje, tuache kubishana hewani.

MkiaMwepesi

Nashukuru kwa michango yote. Njia yangu karibu yote ni barabara kuu inayomwagiwa chumvi na kusafishwa mapema. Kwa hesabu yangu, siku nne kati ya tano ni lami yenye maji au baridi kavu. Barafu ya kweli ninakutana nayo katika kilomita mbili za mwisho kuelekea nyumbani, ambazo ni tambarare. Nilisahau kutaja kwamba difu ya gari, yaani gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma, ni ile yenye kufunga.

BarafuTupu

Kama ni hivyo, naondoa pingamizi langu. Chukua ya familia ya tatu. Ila hiyo difu uiheshimu. Difu ya kawaida ikikosa mshiko huzungusha gurudumu moja bure, na lile jingine hubaki limeshikilia mkia mahali pake. Yenye kufunga huyazungusha yote mawili, na hapo mkia hukosa kitu cha kuushikilia. Nadhani ndivyo ulivyojikuta ukingoni. Kwenye utelezi ondoka na gia ya pili, na mfumo wa kuzuia utelezi usiuzime, isipokuwa umekwama na unataka magurudumu yazunguke ili ujitoe. Pia usishushe gia kwa pupa unapokaribia kona, kwani injini ikiyakamata magurudumu ya nyuma ghafla ni sawa na kuvuta breki ya mkono.

FundiRimu

Sasa vipimo. Usibaki na upana huu. Tairi jembamba huikandamiza theluji na kuikata, ilhali pana hupanda juu yake na kuelea. Kwa gari lako ningefunga 225/45 R17 pande zote nne, kwenye rimu zake za pekee. Kipenyo cha mbele sasa ni kama milimita 637 na cha nyuma kama 636. Hilo ninalopendekeza lina kama 634, kwa hiyo kipimamwendo hakitadanganya kwa kiasi cha kukusumbua. Ubavu unaongezeka kutoka milimita 90 hadi 101, jambo litakalozisaidia rimu kwenye mashimo yaliyofichwa na theluji. Faida nyingine ni kwamba, yakiwa sawa yote, utaweza kuyahamisha ya nyuma mbele na ya mbele nyuma yaishe kwa pamoja, kitu ambacho matairi yako ya sasa hayakuruhusu.

Kabla ya kununua, hakikisha mambo mawili. Namba ya kubeba mzigo isiwe chini ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na rimu ya inchi 17 ipite juu ya kalipa za breki, yaani vibanio vinavyokamata diski, kwa sababu magari ya spoti yana breki kubwa na mengine hayakubali kushuka hata inchi moja. Kitabu hicho hicho kitakuambia ni saizi gani inaruhusiwa kufungwa minyororo ya theluji. Mara nyingi ni ile nyembamba tu.

KonaMoja

Na ile habari ya mifuko ya mchanga kwenye buti? Nasikia inasaidia.

FundiRimu

Kwa pikapu isiyo na mzigo, ndiyo. Kwa gari hili, ambalo uzito wake umegawanywa karibu nusu kwa nusu, utaongeza umbali wa kusimama, na mkia ukianza kuhama utahama kwa nguvu zaidi. Mfuko usiofungwa nao, siku ya kugongana, utakuja mbele kukutafuta.

MkiaMwepesi

Nimerudi na majibu. Nimeazima rimu moja ya inchi 17, nikabandika vidonge vya udongo wa kuchezea juu ya kalipa ya mbele, nikafunga gurudumu na kulizungusha kwa mkono mara moja. Vidonge vilipobonyezwa vilibaki na unene wa milimita 5 mahali pembamba kuliko pote. Kitabu kinaitaja 225/45 R17 kuwa saizi ya baridi, na kuwa ndiyo inayokubali minyororo. Nimeagiza manne yenye alama ya mlima, herufi V, na tarakimu za ubavuni zinaonyesha yametengenezwa mwaka huu. Je, kuna la kuzingatia siku ya kuyafunga?

FundiRimu

Milimita 5 zinatosha. Angalia mshale wa mwelekeo ubavuni, kwa sababu mengi ya aina hiyo huzunguka upande mmoja tu. Kaza nati kwa spana yenye kipimo, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 50 hivi. Upepo upime tairi likiwa baridi, na urudie kila hali ya hewa inaposhuka, maana kila nyuzi 10 zinazopungua huondoka na takriban ba 0.1 (ba ni kipimo cha shinikizo la upepo). Kilomita mia chache za mwanzo nenda taratibu mpaka uso wa mpira mpya ulike. Kashata zikibaki milimita 4, yahesabu yamekwisha kwa theluji, hata kama sheria ya unakoishi bado inayakubali.