Wakuu, nichukue Beetle au Datsun Bluebird kwa biashara ya gari la maharusi Dodoma?

Kijana wa Ipagala (mleta mada):
Wakuu habari za majukumu. Naomba ushauri wa haraka, wenye matusi piteni kushoto.

Nataka kuanza biashara ya kukodisha gari la maharusi hapa Dodoma. Tangu serikali ihamie huku harusi hazipumziki, na kila Jumamosi ni zilezile Crown na Harrier zilizofungwa maua ya plastiki. Mimi nataka gari la kizamani lenye jina la mnyama, watu wapige nalo picha. Nimepata mawili. Moja ni Volkswagen Beetle, kobe lenyewe, la mwaka 1955, liko Mpwapwa bandani, rangi ya maziwa, linawaka. Wanataka milioni tisa. La pili ni Datsun Bluebird, liko Singida, bei iko chini kidogo ila bodi imechoka. Moyo uko kwa Beetle. Lipi linafaa? Na je, linaweza kuja lenyewe kutoka Mpwapwa kupitia Kongwa hadi Mbande kwenye barabara kuu, au nikodi gari la kulibeba?

Swala Pala:
Beetle ni mdudu, mkuu, umesema mnyama. Mnyama ni Chevrolet Impala, ilianza na modeli ya 1958, nembo yake ni swala anaruka. Au Ford Mustang ya 1964, farasi anakimbia kwenye grili. Au Jaguar basi. Bibi harusi ashuke kwenye kobe?

Zabibu Kavu:
@Swala Pala Impala unaipitisha wapi pale Chang'ombe? Bampa litafika ukumbini, buti bado linaaga wazazi.

Mzee wa Stesheni:
Vijana, Bluebird msiichukulie poa. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda Safari Rally na Datsun 1600 SSS, ambayo ndiyo Bluebird yenyewe. Beetle nayo ilishinda 1962, dereva Tommy Fjastad. Hayo ndiyo yalikuwa magari, siyo haya yenu ya kuulizwa na kompyuta.

Baba yangu mdogo alikuwa na Bluebird. Tunatoka Kondoa kuja mjini, barabara ya vumbi, watoto tumejazana nyuma na mbuzi wa mahari. Kufika Haneti askari anataka karatasi ya bima. Mbuzi kaitafuna. Askari hakuamini mpaka mbuzi alipofunguliwa mdomo, kipande chenye mhuri kikaonekana. Alicheka akaturuhusu. Siku hizi angeandika faini na ya mbuzi pia.

Kijana wa Ipagala:
Asante mzee wangu, shikamoo. Kwa hiyo unashauri Bluebird?

Mzee wa Stesheni:
Marahaba. Sijashauri kitu, nimekumbuka tu.

Fundi Feni:
Nimezigusa Beetle nyingi, nisikilize. Safari hiyo inaiweza. Injini iko nyuma, inapozwa kwa hewa, rejeta haina, kwa hiyo hakuna maji ya kuchemka. Lakini feni na jenereta vinazungushwa na mkanda mmoja. Mkanda ukikatika taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi. Zima hapohapo, usiseme utafika Mbande. Beba mkanda wa akiba na spana yake.

Kubwa zaidi: nyanyua kiti cha nyuma. Betri iko chini yake, upande wa kulia. Bati lililobeba betri ndilo huoza kwanza, kwa hiyo liminye kwa bisibisi, usilitazame tu. Halafu hakikisha betri ina kifuniko. Hicho kiti kina springi za chuma na ndani kimejazwa nyuzi kavu. Akikaa shangazi mwenye mwili, springi zinagusa vichwa vya betri, nyuzi zinashika moto. Sitanii. Bibi harusi na shela lake watakuwa wamekalia jiko.

Sasa na mimi nikuulize. Kadi iko kwa jina la nani? Umeshalipa chochote?

Kijana wa Ipagala:
Kadi ni ya marehemu mzee wao. Watoto ndio wanauza, nadhani kuna msimamizi wa mirathi. Nimeacha advansi kidogo ili wasimpe mtu mwingine.

Mama Nzuguni:
"Nadhani" siyo barua ya mahakama mwanangu. Kidogo ni shilingi ngapi?

Kijana wa Ipagala:
Milioni nne. Ila tatizo langu siyo hela mama, hela ipo. Ninachouliza ni gari.

Mama Nzuguni:
Sijauliza kama ipo. Ya nani?

Zabibu Kavu:
Navuta kiti.

Kijana wa Ipagala:
Sawa. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya dada yangu, harusi ni mwezi ujao. Kabla hamjanirukia, sikilizeni hesabu. Fungu la gari la maharusi lilikuwepo kwenye bajeti. Nimeliongezea fungu la vinywaji na salio la ukumbi, kwa muda tu. Beetle inambeba dada, watu wanaiona, tunaanza kukodisha laki tatu kwa siku, hela inarudi. Badala ya kumlipa mtu baki, familia inabaki na gari. Kuna ubaya gani hapo?

Zabibu Kavu:
Na wageni watakunywa oili?

Mtumishi:
Michango ya watu ni amana ndugu yangu. Kuna mjane kwenye hiyo orodha ametoa elfu kumi yake ya mwisho, wewe unamnunulia kobe. Rudisha fedha, omba radhi kwenye kikao, na umshirikishe mchungaji.

Swala Pala:
Mimi kamati yetu mweka hazina alinunua pikipiki. Ukumbini tulikula pilau la nyama ya kufikirika. Hadi leo shemeji hasalimiani naye.

Kijana wa Ipagala:
Pikipiki inashuka thamani, gari la kale linapanda. Msilinganishe.

Kipimo:
Wakuu mnapewa chai na mnaomba sukari. Huu uzi ni wa kutunga. Mleta mada, hiyo Beetle yako ya 1955, kioo cha nyuma kikoje?

Kijana wa Ipagala:
Kikubwa, cha pembe nne. Kina ubaya gani? Geji ya mafuta inafanya kazi na betri ni ya volti 12 kama ya Noah.

Kipimo:
Chai! Beetle ya 1955 ina kioo cha nyuma kidogo, umbo la yai. Hicho cha pembe nne kimeanza nusu ya pili ya 1957. Geji ya mafuta 1955 hakuna, mafuta yakikaribia kuisha ulikuwa unageuza koki kwa mguu upate ya akiba. Na umeme wake ni volti 6. Hakuna gari, hakuna dada, hakuna kamati. Mtu yuko kitandani anatafuta wachangiaji.

Zabibu Kavu:
Na mimi nilishaandaa andazi.

Swala Pala:
Nilijua tangu aliposema linawaka.

Mtumishi:
Kama ni uongo, bado amana ni amana.

Kijana wa Ipagala:
Jamani mimi si mtoto wa kukaa natunga. 1955 imeandikwa kwenye kadi, nimeisoma kwa macho yangu!

Fundi Feni:
@Kipimo uko sahihi kuhusu gari, ila umekosea kuhusu mtu. Anayetunga angetafuta mwaka unaolingana na kioo. Kijana, waambie wanyanyue kiti cha nyuma. Katikati ya sakafu kuna mgongo wa bati unaokuja mbele, juu yake namba ya chesisi imegongwa. Wakupigie picha, ulinganishe na kadi.

Kijana wa Ipagala:
Wametuma. Kwenye bati ni tarakimu tisa, inaanza 118. Kwenye kadi ni tarakimu sita, inaanza na 9.

Fundi Feni:
Basi jibu unalo. Namba za Beetle za miaka hiyo, 11 ni aina ya gari, na 8 inayofuata ni modeli ya 1968. Kadi ni ya gari jingine kabisa, huenda mzee alikuwa nayo mawili, moja likafa ikabaki kadi. Hilo lililopo bandani kwa sasa halina karatasi. Huwezi kulihamishia jina lako kwa kadi hiyo, na polisi wakilikagua mtalala kituoni, na maua yenu juu ya boneti. Usitoe senti nyingine.

Kipimo:
Nafuta neno chai. Nabaki na pole.

Kijana wa Ipagala:
Subirini kwanza. Kama ni la 1968, si nimepata gari jipya zaidi kwa bei ya la zamani? Hiyo ni faida.

Mama Nzuguni:
Mwanangu, milioni nne. Piga simu Mpwapwa sasa hivi, siyo kesho. Halafu mpigie mwenyekiti wa kamati kabla hajapigiwa na mwenye ukumbi.

Kijana wa Ipagala:
Nimepiga, wanasema hela wameshaezekea nyumba, watarudisha wakivuna. Mwenyekiti nitamwambia kwenye kikao. Kuna mtu wa Singida humu ndani anayeweza kwenda kuniangalizia kadi ya ile Bluebird?