Tupeane uzoefu: umewahi kupata nafuu kabla dawa haijaanza kazi?

Wakuu, habari zenu. Naanza na langu.

Gego lilinitesa siku tatu, nalala nimeshika shavu. Dada wa duka la dawa akanisikiliza hadi mwisho, akakata vidonge viwili: "Meza sasa hivi kaka, hii itakutuliza." Dakika tano hazikuisha, shavu likalegea. Kidonge kilikuwa hata hakijayeyuka! Nyumbani wakasema nilikuwa nadeka. Hapana, maumivu yalikuwepo na yalipungua kweli.

Baadaye nikasoma kwamba mwaka 1978 huko San Francisco, watafiti Levine, Gordon na Fields waliwachunguza watu waliong'olewa magego. Waliopata nafuu kwa plasibo, yaani dawa ya kuigiza isiyo na kitu cha kutibu ndani, walipochomwa naloksoni, dawa inayozuia mofini (dawa kali ya kutuliza maumivu) isifanye kazi, maumivu yaliongezeka. Kumbe mwili ulikuwa umetoa dawa yake wenyewe, inayofanana na mofini.

Leteni yenu.

*Mama Pacha:*
Mimi yangu ni kinyume. Uzazi wa kwanza, upasuaji, sindano ya ganzi ya mgongoni. Nesi akaniambia, "Hii inauma kama nyuki, vumilia." Mgongo ukakakamaa hata sindano haijanigusa, na iliuma mpaka nikalia. Uzazi wa pili, mtaalamu wa usingizi akaniwekea mkono begani: "Tunakupa ganzi, mama, upumzike." Sindano ileile, mahali palepale. Nilihisi kubanwa tu. Mpaka leo ule mkono naukumbuka.

*Nesi wa Zamu:*
Mama Pacha, pole sana. Sisi manesi tunasema hivyo tukidhani tunamwandaa mgonjwa, kumbe tunamwongezea.

Ila mtu asiondoke hapa akidhani ni ruhusa ya kudanganya wagonjwa. Mwaka 2010, mtafiti Kaptchuk na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwaambia wazi wagonjwa wa tumbo kwamba vidonge havina dawa ndani, na bado walipata nafuu kuliko wasiopewa kitu. Na nafuu siyo kupona. Nimempokea kijana aliyetulizwa maumivu nyumbani siku mbili, kidole tumbo kikapasukia ndani. Mimi dawa natoa ya kweli, ila sichomi kabla sijamweleza mgonjwa inakwenda kufanya nini.

*Mleta mada:*
Asante dada. Alhamisi nampeleka mama, sindano ya goti. Nitamwomba daktari amweleze kwanza, taratibu, kabla hajaivuta ile dawa.