Waya usiopitisha data unauzwa kama waya kamili, kisha simu ndiyo inayosingiziwa ubovu

Ndugu wanajamvi,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na ninaomba mnivumilie kwa urefu wake. Madukani mwetu zinauzwa nyaya za simu ambazo kazi yake ni kupitisha umeme peke yake, hazina kabisa njia ya kupitishia data, na hakuna mahali popote kwenye pakiti palipoandikwa hivyo. Mnunuzi anachomeka simu kwenye kompyuta, simu inaonyesha kwamba inachaji, kompyuta haioni kitu, na kuanzia hapo kila anayemwendea kwa msaada anamwambia kwamba simu yake imeharibika.

Simu yangu ni ya Android, ya bei ya kati, nami nilitaka kuhamishia kwenye kompyuta mpakato picha na video za harusi ya mdogo wangu kabla simu haijajaa. Waya uliokuja na simu ulikuwa umekatika shingoni, kwa hiyo nilinunua mwingine Kariakoo, muuzaji akiniapia kwamba unafanya kazi zote. Ulipogoma, nilimpelekea fundi. Alimulika tundu la chaji kwa tochi, akachomeka waya ule ule niliokuja nao, kisha akatoa hukumu: "Dada, hii sistimu chaji imekwisha. Tubadilishe, na ikikataa tutaflashi." Kwa wasiojua, sistimu chaji ni tundu la simu la kuchomekea waya, na kuflashi ni kuipakia simu mfumo mzima upya, na kwa kawaida kila kilichohifadhiwa ndani yake hufutika, yaani tiba niliyopendekezewa ilikuwa ni kuziteketeza picha zile zile nilizotaka kuziokoa. Hakuniuliza waya nimeutoa wapi, hakujaribu waya wake mwenyewe, na mezani pake hapakuwa na kompyuta hata moja. Nilichukua simu yangu nikaondoka.

Nilipofika nyumbani niliuchana ule waya kwa wembe kuanzia katikati. Tangu USB ilipotolewa mwaka 1996, waya wake wa kawaida huwa na nyaya nne ndani: mwekundu na mweusi kwa ajili ya umeme, mweupe na wa kijani kwa ajili ya data. Ndani ya waya wangu mlikuwa na nyuzi mbili tu, nyekundu na nyeusi, nyembamba kama uzi wa kushonea, na nafasi iliyobaki ilijazwa plastiki ili mkono wa mnunuzi uhisi unene. Mweupe haukuwamo, wala wa kijani. Waya wa namna hiyo hauwezi kuifanya kompyuta iitambue simu hata ukaombewa dua. Kesho yake niliazima waya wa mfanyakazi mwenzangu, na kompyuta ikatoa mlio wake papo hapo. Sistimu chaji niliyoambiwa imekwisha ilikuwa nzima.

Lakini picha hazikuonekana hata hapo, na kwa hili ninawalaumu watengenezaji wa mifumo. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu inapochomekwa kwenye kompyuta huchagua yenyewe kuchaji tu, na faili hazionekani mpaka mwenye simu afungue kioo kwa namba yake ya siri, ashushe pazia la arifa kutoka juu, aguse ile arifa ya USB inayosema simu inachaji, kisha achague kuhamisha faili. Sababu yake ninaielewa na ninaiheshimu, kwani si vema mtu aibiwe picha zake kwa kuchomeka simu kwenye kompyuta ya ofisi ya watu. Ninachokipinga ni kwamba arifa hiyo imefichwa chini kabisa, miongoni mwa zile za kimyakimya ambazo hakuna anayezisoma. Anayetaka simu ikumbuke chaguo hilo daima analazimika kuingia kwenye taarifa za simu, kugonga namba ya muundo (Build number) mara saba, ndipo afunguliwe menyu ya watengeneza programu yenye mpangilio huo. Mara saba! Mzazi wangu atalijuaje jambo hilo?

Sasa nirudi kwa mafundi, kwa sababu wao ndio wanaolipwa. Kuitofautisha hitilafu ya waya na ya simu hakuhitaji chombo chochote cha gharama; kunahitaji kompyuta moja na masikio. Ukichomeka simu na Windows ikakaa kimya, bila mlio na bila kitu kipya kwenye orodha ya vifaa (Device Manager), huku simu inaonyesha inachaji, mshukiwa wa kwanza ni waya, kwa maana hakuna dalili kwamba data imepita. Ikitoa mlio kisha ikasema kifaa cha USB hakikutambuliwa, na kwenye orodha ikaonekana hitilafu namba 43, hapo kompyuta imehisi kwamba kuna kitu lakini mazungumzo yamekatika njiani: tazama waya uliochoka, uchafu tunduni, au tundu la kompyuta lenyewe, hasa yale ya mbele kwenye kompyuta za mezani, ambayo mara nyingi huwa yamelegea. Simu ikijitokeza ikiwa na alama ya njano, tatizo ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, na Windows yenyewe huwa nayo tayari. Unaichagua kwa mkono kutoka kwenye orodha, inaitwa MTP, jina la utaratibu ambao simu na kompyuta huutumia kuhamishiana faili. Fundi asiyeyafanya haya halafu akatamka kwamba bodi imekufa anabahatisha kwa fedha ya mteja.

Kuna na kisa cha kompyuta zilizotumika zinazoletwa kutoka Ulaya, ambazo baadhi huja na toleo la Windows lenye herufi N mwishoni mwa jina. Toleo hilo lilizaliwa na uamuzi wa Tume ya Ulaya wa mwaka 2004 dhidi ya Microsoft, na huondolewa vifurushi vya programu za kuchezea muziki na video. Bila vifurushi hivyo MTP haifanyi kazi, hata waya ukiwa wa dhahabu. Unavipakua bure kutoka Microsoft, unazima na kuwasha kompyuta, basi.

Sikatai kwamba tundu la chaji hufa kweli. Pamba za mfukoni hujishindilia ndani mpaka kichwa cha waya kisifike mwisho, na kijiti cha meno kikitumiwa kwa upole wakati simu imezimwa huziondoa. Pini za data nazo huliwa na kutu wakati zile za umeme bado ni nzima, na hapo simu itaendelea kuchaji bila kuonekana na kompyuta yoyote. Basi fundi na aseme hivyo baada ya kujaribu waya mzima kwenye kompyuta nzima, si kabla.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa, na mimi sioni upotoshaji ulio wazi kuliko huu. Kama waya ni wa chaji tu, pakiti iseme hivyo kwa herufi zinazosomeka, na bei yake ishuke, kwa kuwa nusu ya nyaya za ndani hazimo. Ninaziomba Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango Tanzania zilitazame jambo hili kwenye shehena zinazoingia, kwa sababu wembe mmoja unatosha kwa ukaguzi. Wenye maduka nao waweke kompyuta kuukuu kaunta, ili mteja aujaribu waya kabla ya kulipa, kama balbu inavyojaribiwa.

Najua watakuja watakaosema ninunue waya wa asili. Nilipouliza waya wa asili, nilionyeshwa mwingine wenye nembo ya kampuni ya simu yangu kwa bei mara tatu ya ule wa kwanza. Nilipoomba uchomekwe kwenye kompyuta iliyokuwa palepale dukani, muuzaji aliurudisha kwenye pakiti akaanza kumhudumia mteja mwingine. Atakayechangia kwamba simu yangu ni mbovu, nitamwomba kwanza aniambie yeye anatumia waya gani, na kama amewahi kuuchomeka kwenye kompyuta.