Tupeane uzoefu: uliwahi kuandikishwa wasifu wa bibi yako?

mjukuu_wa_lushoto
Wakuu habarini. Juzi nimetoka kumzika bibi mzaa baba, kule juu Lushoto, na kwa vile mi ndo mwenye laptop nikatwishwa wasifu wa marehemu. Saa 7 usiku, baridi ya kwetu mnaijua, nimejibanza jikoni karibu na mafiga, baba wadogo wawili wanabishana, huyu anasema mama kazaliwa kabla ya vita ya Hitler, yule anasema baada, shangazi yeye anakumbuka tu kwamba uhuru ulimkuta bibi ananyonyesha. Tukaandika 1936 yaishe.

Kwenye elimu nikaweka ile sentensi ya siku zote, "marehemu hakubahatika kusoma". Ikasomwa kanisani, hakuna aliyepinga. Siku ya tatu mashangazi wanafungua sanduku lake la bati, chini kabisa ya vitenge vinavyonuka nafutalini kuna karatasi imekunjwa mara nne: cheti cha kisomo cha watu wazima. Jina la bibi kamili, na jina la baba yake ambalo kumbe nalo tulilikosea. Na huyu bibi kila nikifunga shule alikuwa anaomba ripoti yangu, anaikodolea macho weee, halafu ananiuliza "na hii hisabati vipi?" mi nikajua mwalimu kanisemea. Kumbe alikuwa anasoma mwenyewe!

Wenzangu nyie mlikosea wapi?

mzee_wa_zamani
Pole sana mjukuu wangu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, akina mama walikuwa wanatoka shamba jioni wanaingia darasani na watoto mgongoni. 1973 ikaja Mtu ni Afya ya redioni, mnasikiliza kipindi, mkimaliza mnaenda kuchimba choo kweli. Mama yangu daftari alikuwa analificha kwenye pipa la mahindi, maana mzee aliona aibu mkewe amtangulie kujua kusoma. Alimtangulia.

muhaya_wa_mbagala
Mimi sikukosea, nilifutishwa.

Kwetu Bukoba wasifu ulisema bibi ameacha watoto 2. Ni kweli, ila alizaa 7. Watano waliondoka na Ukimwi, ule ugonjwa ambao enzi hizo kwetu tuliuita Juliana, wagonjwa wa kwanza nchini si walionekana Kagera, 1983, na ulipobisha hodi kwetu haukutoka haraka. Bibi akabaki na wajukuu 9 kwenye nyumba moja, migomba na kahawa kidogo ndo vya kutulisha. Usiku akishazima kibatari anapita gizani anatugusa vichwa mmoja mmoja, anahesabu kwa sauti ya chini, akifika tisa ndo anaenda kulala. Akiishia nane anawasha kibatari upya na hapo kama ni wewe umechelewa kwa jirani utajuta. Niliyaandika hayo yote, mjomba akasoma akasema toa, msibani si mahali pake. Nikatoa. Mpaka leo inaniuma kuliko hata kifo chenyewe.

binti_pangani
Poleni jamani. Sie Waislamu mtu akifa asubuhi alasiri kashazikwa, huo wasifu anausoma nani. Bibi yetu tulimjulia kwenye kanga zake, siku ya arobaini zilipogawiwa. Mimi nikaangukia "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", nikafurahi nimepata jozi nzuri, mama mkubwa akacheka mpaka akakaa chini, eti hiyo ndo alikuwa anaivaa kila akipita mlangoni kwa mke mwenzie, anapita polepole, anarudi tena kana kwamba kasahau kitu 😂 Na mke mwenzie mwenyewe alikuwepo hapo hapo, bibi kizee, anaitikia dua.

kijana_wa_naks
Huku Kenya tunaprinti kitabu kizima cha mazishi na picha za rangi. Kitambulisho cha shosho kilisema amezaliwa 1930, cha firstborn wake 1938. Hakuna mtu alishtuka, ikaprintiwa hivyo hivyo kopi 300.

mjukuu_wa_lushoto
@kijana_wa_naks we umeniua 😂 @muhaya_wa_mbagala pole sana ndugu yangu, ile ya kuhesabu vichwa nimeirudia mara mbili. Mi baba mdogo kakubali siku ya kujenga kaburi tusome wasifu upya, na cheti tunakipiga lamination.

dada_wa_singida
Wangu yuko hai. Nimesoma huu uzi nikampigia hapo hapo, nikamuuliza bibi hivi mama yako aliitwa nani? Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata. Akasema nani anakufa huko mjini mpaka unauliza mambo hayo? Nikamwambia hakuna bibi, nataka kujua tu. Akasema basi tuma kwanza hela ya kusagia uwele, hayo mengine si ya kwenye simu, uje.

Nimeshatuma. Ijumaa naondoka na basi la asubuhi.