Naomba ushauri: kikundi chetu cha kusoma uchumi kinapukutika

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nasoma shahada ya uzamili ya uchumi hapa Dar. Darasani ni mchoro uleule wa ugavi na mahitaji. Wakosoaji wa ubepari, Marx na mchumi wa Misri Samir Amin, nimewasoma mwenyewe usiku, kwa kurasa za kutoa kopi. Inaniuma, maana mwanahistoria Walter Rodney alifundisha Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mchumi wetu Justinian Rweyemamu alichapisha kitabu chake kuhusu viwanda vya Tanzania mwaka 1973. Mji huu uliwahi kubishana haya mambo kwa dhati.

Basi tukaanzisha kikundi, kila Jumamosi asubuhi. Tulianza kumi na wanne, tumebaki watano. Mmoja aliniambia wazi, "Kaka, hii haipo kwenye mtihani." Wiki iliyopita saa nzima iliishia kwenye "thamani ya ziada" ya Marx, yaani thamani anayozalisha mfanyakazi kupita mshahara wake: ni faida tu, au zaidi ya faida? Mimi naona saa ile ilikuwa na maana kuliko muhula mzima.

Waliowahi kuongoza kikundi kama hiki kikadumu, mlifanyaje? Tuanze na waandishi wa Kiafrika kwanza? Na mhadhiri mlezi tumwombe sasa, au tukishakuwa na makala zetu mkononi?