Naomba ushauri: tabaka la katikati haliachii mafuta

Wakuu, niko Kigoma. Masalia ya kusafisha mafuta ya mawese na alizeti kwa kostiki soda, ili mafuta yaliyobaki humo yajitenge, nayachemsha hadi nyuzi joto 90, nadondoshea asidi ya salfuriki iliyozimuliwa hadi pH (kipimo cha asidi; namba ndogo ni asidi kali zaidi) 3, natuliza saa 6. Juu yanakaa mafuta ya asidi, meusi, yanafaa sana kwa sabuni, chini maji. Shida ni katikati: utando mzito wa kahawia, kama uji wa ulezi, umeshika mafuta mengi. Nashuku ute wa alizeti (vitu vya kunata vya asili ndani ya mafuta) ambao haukutolewa kwa maji ya moto kabla ya kostiki. Mawese pekee hayasumbui hivi.

Nishushe pH hadi 2, niongeze chumvi, au nirudie kuchemsha? Na yale maji ya chini yenye asidi, chokaa itatosha kuyapunguza ukali kabla ya kumwaga? Ziwa liko jirani, sitaki kuliharibu.