Colts tumepigwa mchana kweupe: nafasi mbili za raundi ya kwanza kwa konabeki mmoja!

Wakuu, nimejizuia kuandika tangu Novemba 2025. Nilisema ngoja msimu uishe, nisije nikaonekana naropoka. Sasa umeisha. Sisi Colts tulikuwa tumeshinda mechi 8 na kupoteza 2, watu huku Indianapolis wanatembea vifua mbele, halafu tukapoteza saba mfululizo. Tumemaliza 8 kwa 9 na mtoano tunauangalia kwenye televisheni kama kila mtu. Mtoano wetu wa mwisho ulikuwa Januari 2021. Na nafasi zetu za raundi ya kwanza kwenye drafti (zoezi la timu kuchagua vijana kutoka vyuoni) ya 2026 na ya 2027 hatunazo. Zilikwenda kwa Jets wa New York. Tumewapa kwa ajili ya konabeki mmoja, Sauce Gardner.

Kwa wale wanaofuatilia mpira wa Marekani juujuu: konabeki ni beki anayekaa pembeni mwa uwanja kumkaba mpokeaji wa pasi. Kazi yake ni kuhakikisha mpira ukirushwa upande wake haudakwi. Akiwa hodari kupindukia, wapinzani wanaacha kabisa kurusha upande huo, na hiyo ndiyo sifa kubwa anayoweza kupata. Sasa tulieni mfikirie. Umemlipa mtu fedha za kutisha, na kwotabeki (mrusha pasi mkuu) wa upinzani anachofanya ni kugeuza shingo tu na kurusha upande wa pili. Au harushi kabisa, anampa mkimbiaji mpira apite katikati. Yaani adui ndiye anayeamua kama mchezaji wako ghali kuliko wote atafanya kazi leo au hatafanya. Ulinzi wa namna hiyo unaujengaje juu ya mtu mmoja?

Sauce Gardner mwenyewe sina ugomvi naye, na msije hapa kunisingizia. Kijana anajua. Alichaguliwa wa nne kwenye drafti ya 2022, akawa beki chipukizi bora wa ligi mwaka huohuo, akaingia kikosi bora cha ligi miaka miwili mfululizo. Julai 2025 Jets wakamwongezea mkataba wa miaka minne, dola milioni 120.4. Miezi minne baadaye, Novemba 4, hao hao Jets wakamuuza kwetu. Wakachukua zile nafasi mbili na mpokeaji wetu Adonai Mitchell juu yake. Mimi nilikuwa kazini zamu ya mchana, simu ikalia, ni shemeji yangu wa New Jersey ambaye Jets ndiyo roho yake. Nilidhani anapiga kulia. Alikuwa anashangilia. Ananiambia, "Shemeji, asanteni sana." Shabiki aliyemwona Gardner kila Jumapili kwa miaka mitatu na nusu anashangilia anapoondoka! Hapo hapo moyo ulinilipuka.

Maana yeye ameishi na jibu la swali hili. Jets wakiwa na Gardner walimaliza 7 kwa 10, tena 7 kwa 10, kisha 5 kwa 12, na siku wanamuuza walikuwa wameshinda mechi moja na kupoteza saba. Jumlisheni wenyewe: ushindi 20, vipigo 39. Mtu mmoja hawezi kulaumiwa kwa yote hayo, Jets wana matatizo yao ya miaka na miaka. Lakini kama konabeki wa kiwango chake angekuwa nguzo ya kubeba timu, nguzo hiyo ilikuwepo pale muda wote na nyumba ilikuwa chini.

Kinachoniuma zaidi ni lini tulifanya hili. Jumapili ya Novemba 2 tulikwenda Pittsburgh tukafungwa 27 kwa 20. Tulifungwaje? Je, wapokeaji wao walituchachafya pembeni? Hapana. T.J. Watt wa Steelers na wenzake wa safu ya mbele walimvamia kwotabeki wetu Daniel Jones mchana kutwa. Walimwangusha na mpira mkononi, akapoteza miwili, akarusha pasi tatu zikadakwa na Steelers. Timu nzima tulipoteza mpira mara sita. Somo liliandikwa ubaoni kwa herufi kubwa: safu ya mbele ndiyo inayovunja timu. Siku mbili baadaye meneja wetu mkuu Chris Ballard anakwenda kununua mtu wa safu ya nyuma! Na wiki hiyohiyo DeForest Buckner, nguzo halisi ya ulinzi wetu, anawekwa kwenye orodha ya majeruhi kwa shingo.

Mwaka 2020 Ballard huyuhuyu alitoa nafasi ya 13 ya raundi ya kwanza kumchukua Buckner kutoka San Francisco, na sikulalamika hata siku moja. Buckner yuko katikati. Mpira ukienda kushoto anahusika, ukienda kulia anahusika, wakikimbia anahusika, wakirusha anahusika. Huwezi kumkwepa mtu aliyesimama mbele ya pua yako.

Wakuu, hakuna binadamu anayeweza kumkaba mpokeaji wa ligi hii kwa sekunde tano. Mpokeaji anajua anakokwenda, konabeki anabahatisha, tena anarudi kinyumenyume. Kwotabeki akipewa muda, konabeki yeyote ataachwa. Akinyimwa muda, hata konabeki wa kawaida anaonekana mfalme, kwa sababu mpira unarushwa haraka, kwa papara, hauna shabaha. Mnakumbuka Februari 2025, Eagles walipowanyuka Chiefs wa Kansas City 40 kwa 22 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi? Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, aliangushwa mara sita, na wanaume wanne tu wa mbele ndio waliokuwa wanamkimbiza, Eagles hawakuhitaji kumwongeza wa tano. Pembeni mwa Eagles alikuwepo konabeki Quinyon Mitchell, kijana wa mwaka wa kwanza. Cooper DeJean, naye wa mwaka wa kwanza, aliidaka pasi ya Mahomes akakimbia nayo hadi tachidauni, yaani bao. Wote wawili walikuwa kwenye mishahara ya wanaoanza kazi.

Halafu tusisahau Charvarius Ward tulishamchukua Machi 2025, miaka mitatu kwa dola milioni 60. Konabeki mwingine. Ward huyo Chiefs walimwacha aondoke mwaka 2022, wakachagua vijana, Trent McDuffie raundi ya kwanza na Jaylen Watson raundi ya saba, wakabeba Super Bowl msimu huohuo na uliofuata. L'Jarius Sneed, konabeki wao mwingine, naye walimpeleka Titans mwaka 2024, Titans wakampa mkataba wa dola milioni 76.4, akacheza mechi tano na timu ikamaliza 3 kwa 14. Chiefs mwaka huo walikuwa fainali. Wenzetu wanaziachia nafasi hizi, sisi tunazifukuzia! Ukichukua wastani wa mkataba wa Gardner ukaongeza wa Ward, ni kama dola milioni 50 kwa mwaka kwa watu wawili wa pembeni, na ukomo wa mishahara wa timu nzima mwaka 2025 ulikuwa milioni 279.2.

Na watu wa pembeni wanaishi kwa miguu yao. Ward aligongana na mwenzake Oktoba wakati wa kupasha misuli, kabla hata mechi na Arizona haijaanza, akapata mtikisiko wa ubongo. Gardner alicheza ya Berlin na Falcons, akacheza ya Kansas City, na Novemba 30 dhidi ya Texans akaumia nyama za mguu mapema tu. Hiyo ya Kansas City msiniambie chochote. Tulikuwa mbele 20 kwa 9 robo ya nne. Gardner yuko uwanjani, mzima. Mahomes alirusha zaidi ya yadi 300 na mkimbiaji wao Kareem Hunt akakimbia zaidi ya 100, wakatufunga 23 kwa 20 muda wa nyongeza. Hawakuhitaji kumshinda Gardner. Walizunguka.

Sasa najua mtakuja na konabeki Jalen Ramsey. Ndiyo, Rams walitoa nafasi mbili za raundi ya kwanza mwaka 2019 na wakabeba Super Bowl Februari 2022. Lakini pale mbele alikuwepo nani? Aaron Donald, mtu wa safu ya mbele! Mtakuja na konabeki Surtain wa Denver, beki bora wa ligi mwaka 2024. Denver mwaka huo waliongoza ligi nzima kwa kuwaangusha makwotabeki, mara 63. Na Revis, ambaye mimi nakiri sijaona konabeki kama yeye: Tampa Bay walimpa dola milioni 16 kwa mwaka 2013, wakamaliza 4 kwa 12 wakamwachia. Akaenda New England, kwenye timu iliyokuwa imeshakamilika, akapata pete. Na hiyo Super Bowl iliokolewa na nani kwenye mstari wa goli? Malcolm Butler, konabeki ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti. Konabeki nyota ni kitu cha kuongeza mwisho, ukishakuwa na kila kitu. Sisi tulikuwa na kila kitu?

Kwotabeki hatukuwa naye wa uhakika! Jones alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja. Anthony Richardson, nafasi ya nne ya mwaka 2023, alikuwa ameshavunjika mfupa wa jicho siku ileile ya Arizona. Desemba 7 Jones akakatika kano ya kisigino pale Jacksonville, na klabu ikampigia simu kwotabeki mstaafu Philip Rivers. Miaka 44. Babu mwenye mjukuu, kocha wa timu ya sekondari Alabama, mechi yake ya mwisho ni hiyohiyo ya mtoano wa Januari 2021. Namheshimu mzee yule kwa kukubali, alipigana, Seattle walitushinda 18 kwa 16 tu. Lakini nilipomwona anajikokota kurudi kwenye mstari nilitaka kulia. Timu iliyokuwa na nafasi mbili za raundi ya kwanza za kutafuta mrithi wa Jones ilikuwa imeshazitoa mwezi mmoja nyuma.

Mwenye hoja ya kumtetea Ballard aje aniambie kitu kimoja: Jones asiporudi vile alivyokuwa, kwotabeki wa 2026 anatoka wapi, na wa 2027 anatoka wapi? Msinijibu kwamba Gardner alikuwa na miaka 25 tu tulipomnunua. Najua umri wake. Nauliza kwotabeki.

Kila Aprili huwa naomba ruhusa kazini usiku wa raundi ya kwanza. Shemeji huja kutoka Jersey, mke wangu anapika pilau, tunakaa hadi saa sita usiku tukibishana kuhusu vijana wa vyuoni. Mwaka huu wa 2026 drafti iko Pittsburgh na ameshaniambia anakuja, maana nafasi yetu wataisoma kwa jina la timu yake. Mimi nimeshamwambia msimamizi anipange zamu ya usiku.